Kioo cha Milimita Sita

Syokau alikuja kibandani kwangu, Barabara ya Kirinyaga,
Jumanne, mvua ya masika ikisitasita,
akaweka karatasi kwenye meza yangu ya kukatia:
pande nne na kitako, mdomo wazi juu,
upana wa daftari la madeni.
"Lisipitishe hata tone," akasema.
Nikauliza kama ni sanduku la samaki.
"La jicho."

Nilimkatia milimita sita kwa kisu cha almasi,
nikapaka silikoni, nikaiacha siku mbili ikauke.
Miaka kumi na tisa katika kazi hii imenifunza jambo moja:
kioo hakivunjiki siku kinapoanguka.
Huvunjika siku kilipokwaruzwa,
kikanyamaza na ufa wake
mwembamba kama unywele wa mtoto wa arubaini,
kikingoja mtu abamize mlango.

Nilimfuata mtoni kwa sababu sikuiamini kazi yangu.

Karura, kwenye Gitathuru, nikamshika mkanda
naye akalala kifudifudi juu ya jiwe,
akalizamisha sanduku nusu, kamera ndani yake,
nusu ya picha miti, nusu ya picha maji.
"Chungulia," akasema.
Nikaona mizizi imechana nywele zake upande mmoja.
Nikaona kaa mdogo, rangi ya kutu,
akiinua gando moja
kama bawabu wa ghorofa anayedai kitambulisho.
Nilizaliwa Pumwani. Sikujua tuna kaa.

Siku ya pili tukashuka hadi Korogocho.
Maji yaleyale, umri wao umezidi saa chache tu.
Akalala tena, juu ya gunia,
akazamisha tena.
Kwanza rangi ya chai, kisha ya kahawa,
kisha, upana wa kiganja mbele ya lenzi,
dunia ikaisha.
Alipiga filamu nzima.
Kijana mwenye mzigo wa chupa akasimama, akatutazama sana.
"Mnapiga picha ya nini, na hapo hamna kitu?"
"Ya hichohicho," Syokau akamjibu,
na yule kijana akatua mzigo, akachutama, akachungulia naye.

Tunasema *kusafisha picha*.
Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo
mpaka usiku ule chooni kwake Ngara,
taa nyekundu, mfereji mkavu tangu Alhamisi,
mtungi wa shilingi thelathini mlangoni,
yeye akipima maji kwa kikombe
ili kuusafisha mto
katika beseni.

Kaa akatokea wa kwanza, gando juu, bado anadai.
Kisha zile za Korogocho, moja, mbili, kumi na moja,
weusi juu ya weusi.
Nikamwambia pole, filamu imeharibika.
Akanisogezea ya mwisho karibu na taa.
Humo gizani palikuwa na mikono:
yake, imeshika kamera,
na nyuma yake yangu, imeshika mkanda,
na paji la uso la yule kijana.
Kioo kilipokosa cha kutuonyesha huko nje
kilitugeukia sisi.
Lugha yetu inajua: cha dirishani na cha kujitazamia
tumevipa jina moja.

Sanduku limerudi kwangu, liko rafu ya juu.
Kona moja ina mkwaruzo;
kokoto, labda, au gando,
napenda kudhani ni gando.
Lori likipita Kirinyaga sanduku hutoa sauti
ndogo, ya puani,
kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi.
Wateja huuliza bei. Haliuzwi.
Huuliza kama ni zima.
Nangoja lori limalize kupita.
"Bado," nasema.